Kutoka M62 ya TT hadi kichwa cha 73 cha Reli ya Kati

Ukitaka modeli ya kichwa cha treni cha dizeli cha klasi ya 73 ikatize mezani kwako, jiandae kuitengeneza kwa mikono yako, na jiandae kuanzia chini, kwenye magurudumu. Wengi huanza na rangi. Hununua modeli yoyote ya dizeli ya H0 (kipimo cha 1:87), huipaka, huibandika namba, kisha hushangaa kwa nini haifanani. Kinachowaangusha ni upana wa njia. Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ina upana wa milimita 1,000. Modeli ya H0 ya kawaida inakwenda kwenye njia ya milimita 16.5, na 16.5 ukizidisha kwa 87 unapata 1,435. Huo ni upana wa SGR. Yaani umechukua kichwa cha zamani ukakivalisha miguu ya SGR, na kinaonekana kimetanua miguu hata kwa mtu asiyejua treni.

Njia inayotufaa ni ya milimita 12, ile ya modeli za TT (kipimo cha 1:120). Kwa kipimo cha 1:87, 12 mm ni sawa na 1,044 mm. Kosa ni nusu milimita kwenye modeli, na jicho halilioni. Kwa hiyo mpango mzima ni huu: mitambo ya TT chini, bodi ya 1:87 juu.

Chagua namba na mwaka kabla ya kugusa msumeno

Usitengeneze "kichwa cha 73". Tengeneza kichwa kimoja chenye namba moja, kama kilivyokuwa mwaka mmoja. Vichwa hivi vilitoka kiwanda cha Varanasi nchini India, na cha kwanza kilisafirishwa kuja Tanzania Januari 1976. Tangu hapo kila kimoja kimepita karakana kwa ajali zake na matengenezo yake. Kimoja kimebadilishwa taa, kingine kimeongezewa wavu wa dirisha, cha tatu kina mlango wa boneti uliotoka kwa ndugu yake na rangi haijalingana. Ukichanganya picha za vichwa vitatu utapata kichwa ambacho hakijawahi kuwepo.

Mwaka ndio unaoamua maandishi. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, TRC (Shirika la Reli Tanzania) ilianza mwaka 1977. Mwaka 2007 ikaja TRL (Tanzania Railways Limited) kwa ubia na RITES, kampuni ya reli ya India, na sheria ya mwaka 2017 ikarudisha jina la TRC. Kichwa chenye nembo ya TRL kikivuta mabehewa yaliyopakwa upya miaka ya karibuni ni kosa ambalo mfanyakazi yeyote wa reli atakuonyesha kabla hajakaa.

Picha za vichwa vya YDM-4 vya India zinasaidia sana, maana 73 ni ukoo uleule wa Alco, kampuni ya Marekani, wenye silinda sita. Zitumie kwa boneti, milango na paa, lakini ncha za mbele na nyuma usizinakili. Mita geji (njia ya upana wa mita moja) ya India ina kapla, yaani kiunganishi cha mabehewa, ya aina nyingine kabisa, na yetu ni kapla ya kujifunga yenyewe, yenye taya kama ngumi iliyokunjwa. Ncha ya Kihindi kwenye kichwa cha Tabora huharibu kazi ya mwezi mzima.

Kupima

Tabora ni mahali pazuri kwa kazi hii, kwa sababu treni za Mwanza, Kigoma na Mpanda hupangwa hapo na vichwa husimama muda wa kutosha. Kigoma, mwisho wa njia, unaweza kukipata kichwa kimetulia. Yadi ya reli si mahali pa kuzurura na kamera. Nenda ofisini kwanza. "Shikamoo mzee, natengeneza modeli ya kichwa hiki, naomba ruhusa nikipige picha na kukipima kikiwa kimesimama." Ukiwa na modeli ambayo haijaisha mkononi, maelezo hayatakuwa marefu.

Beba fito la mita 2 lililopakwa nyekundu na nyeupe kila sentimita 10. Lisimamishe likiwa limegusana na ubavu wa kichwa, kisha rudi nyuma mita 15 au zaidi na uvute kwa lenzi. Ukipiga kwa simu ukiwa mita 4, ncha za kichwa zitajikunja na vipimo vyote vitakuwa uongo. Kosa jingine la kawaida ni kusimamisha fito ukingoni mwa jukwaa la abiria, karibu na kamera kuliko kichwa. Fito litaonekana refu kuliko lilivyo, na kila utakachopima kitatoka kifupi.

Nyumbani fungua picha kwenye kompyuta na uhesabu nukta. Tuseme fito la mita 2 limechukua nukta 184. Basi mita moja ni nukta 92. Mlango wa kabini wenye nukta 166 una mita 1.80, na mita 1.80 ukigawa kwa 87 ni 20.7 mm. Kumbuka namba mbili tu: mita moja ni 11.5 mm, sentimita kumi ni 1.15 mm. Hakiki kwa kitu ulichokipima kwa mkono, kwa mfano kipenyo cha gurudumu. Tofauti ikizidi asilimia 2, rudia picha.

Vitu vya kupima kwa futi kamba, bila kutegemea picha: urefu wa fremu, upana wa fremu, kimo cha kapla toka juu ya reli, umbali kati ya ekseli moja na nyingine ndani ya bogi (kigari cha magurudumu chini ya kichwa), na umbali wa katikati ya bogi ya mbele hadi ya nyuma. Usidhani ekseli tatu zimegawanyika sawa. Pima nafasi zote mbili.

Mitambo: kwa nini M62

M62 ni kichwa cha Kisovieti chenye ekseli sita, na modeli zake za TT zimetengenezwa Ulaya na hupatikana zikiwa zimetumika. Kwenye 1:120 bogi yake ya milimita 4,200 ina urefu wa 35 mm kati ya ekseli ya kwanza na ya tatu. Ukiisoma kwa 1:87 ni milimita 3,045, karibu na tunachotaka kwa kichwa kifupi cha mita geji. Hiyo ndiyo sababu pekee ya kuichagua. Bodi yake mpe mtoto.

Kuna kasoro mbili. Gurudumu lake ni 8.75 mm, sawa na 761 mm za kweli. Ukipima gurudumu halisi ukapata karibu 965 mm, lingetakiwa liwe 11.1 mm. Liache. Kulibadilisha kunadai kusogeza gia, na mbavu za bogi zikishushwa milimita moja zinaficha tofauti. Kasoro ya pili huwezi kuiacha: bogi zimekaribiana mno. Katikati ya bogi hadi bogi ni 71.7 mm. Ukipima kichwa ukapata mita 8, unahitaji 92 mm. Lazima chesi (fremu ya chini inayobeba mota) iongezwe milimita 20.

Kurefusha chesi ndiyo kazi inayowashinda wengi, basi tuende nayo polepole.

1. Toa mota, bogi, waya na ubao wa umeme. Usikate chesi mota ikiwa ndani, hata ukiifunga kwa selotepu. Unga wa chuma cha chesi huingia kwenye gia na kusaga meno, na ukikaa kwenye ubao wa umeme unaleta shoti.

2. Chora mistari miwili ya kukata, mmoja kila upande wa mota, ili uongeze milimita 10 mbele na 10 nyuma. Ukiongeza zote upande mmoja, shafti moja itakuwa ndefu na nyingine fupi, na kichwa kitalemea upande mmoja.

3. Kata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo. Sawazisha uso kwa tupa.

4. Omba vipande vya aluminiamu bapa vya unene wa mm 3 kwa mafundi wa madirisha, hutupwa kila siku. Kata vinne vya urefu wa mm 40, viwili kila ubavu. Toboa, funga kwa skrubu za M2, kisha jaza pengo kwa gundi ya epoksi ya mirija miwili.

5. Kabla gundi haijashika, laza chesi kwenye kioo bapa, bogi na magurudumu yake yakiwa yamerudishwa. Pitisha karatasi ya daftari chini ya kila gurudumu. Ikipita bila kukwaruza chini ya gurudumu moja, chesi imepinda. Irekebishe sasa hivi, kesho haitarekebishika. Iache usiku kucha.

6. Shafti zirefushwe kwa mrija wa wino wa biki. Usafishe wino kwa spiriti, kata mm 14, usukume juu ya ncha mbili za shafti iliyokatwa, mm 2 kila upande. Mrija huo una ulegevu kidogo unaovumilia kosa dogo la mstari. Ukitumia bomba gumu la shaba na mstari umekosea nusu milimita, modeli itatetemeka kama bodaboda yenye rimu iliyopinda.

Endesha chesi tupu dakika 20 kila upande kabla ya kufikiria bodi. Betri ya sola ya volti 12 yenye kidhibiti mwendo ni bora kuliko umeme wa ukutani, maana haikatiki katikati ya jaribio. Weka fyuzi ya ampea 1. Shoti ya betri kubwa inayeyusha waya kabla hujanyanyua mkono.

Bodi

Shuka za plastiki za polistirini huuzwa na watengeneza mabango. Chukua za mm 1 kwa kuta na za robo milimita kwa milango. Hakikisha ni polistirini kweli: dondosha thina kidogo kwenye kipande. Ikilainika na kunata, ndiyo yenyewe. Ikikaa kama ilivyo, huenda ni PVC, na gundi yako haitaishika.

Usikate plastiki mpaka mwisho. Pitisha kisu mara mbili kando ya rula ya chuma, kisha ikunje ivunjike. Mkato huo unanyooka kuliko wowote wa msumeno.

Jenga kwa mpangilio huu: sakafu ya fremu, boneti ndefu, kabini, boneti fupi. Boneti ni sanduku, na pembe zake za juu si kali, zina mviringo. Kwa hiyo ndani ya kila pembe gundisha ufito wa mm 2 kwa 2, na ukikauka piga msasa namba 240 hadi uzunguke, malizia na 600 wenye maji. Bila ufito wa ndani, msasa utatoboa pembe na utaona mwanga.

Gundi ya kuyeyusha ni nzuri, lakini usifunge sanduku bila tundu. Toboa matundu mawili ya mm 3 sakafuni, mahali pasipoonekana. Mvuke ukifungiwa ndani huendelea kulainisha plastiki kwa siku kadhaa, na wiki ya pili utakuta ubavu umeingia ndani kama shavu la mzee. Na usianike bodi kwenye dirisha linalopigwa na jua la Septemba na Oktoba la Tabora, wala usiiache ndani ya gari.

Milango ya boneti ndiyo sura ya kichwa hiki. Ihesabu kwenye picha ya upande wako, kisha ihesabu ya upande wa pili, maana pande hazifanani. Kata kila mlango kutoka shuka ya robo milimita na uubandike, usiuchore kwa kisu ukutani. Mlango halisi umeinuka kidogo, na rangi itaficha mchoro lakini haitaficha kingo. Bawaba ni vipande vya uzi wa plastiki, viwili au vitatu kwa mlango, tena kama picha inavyosema. Vichwa vya ribiti vinapigwa kutoka nyuma kwa biki iliyokwisha wino, shuka ikiwa juu ya daftari. Ukikandamiza sana vinakuwa chunusi.

Mashimo na nyufa zijazwe kwa supagluu na soda ya kupikia. Tia soda, dondosha gundi, inashika papo hapo. Isugue ndani ya nusu saa, kwa sababu ikilala usiku inakuwa ngumu kuliko plastiki na msasa utakula pembeni badala yake. Tumia soda, si hamira ya unga ya keki, ambayo ina wanga ndani. Supagluu isikaribie vioo vya madirisha. Mvuke wake huacha ukungu mweupe usiotoka. Vioo vishikwe kwa gundi nyeupe ya mbao.

Bogi na kapla

Mbavu za bogi ni nne. Kama ekseli hazijagawanyika sawa, mbavu si za aina moja: ya mbele kushoto inalingana na ya nyuma kulia, na ya mbele kulia na ya nyuma kushoto. Ziandike kwa penseli 1 na 2 kabla ya kuzibandika. Ukizikosea utagundua baada ya rangi, siku zote baada ya rangi.

Zijenge kwa tabaka tatu za plastiki ya mm 0.5, halafu ongeza springi na boksi za ekseli. Pitisha kichwa kwenye kona ya nusu kipenyo cha mm 450, kisha kwenye kona mbili zilizofuatana zinazopinda kinyume. Bogi ikigonga ngazi au tangi la mafuta, kwangua nyuma ya ngazi, usikate ngazi yenyewe.

Kwa kapla, ya kampuni ya Kadee namba 158 ina kichwa kidogo kinachofaa zaidi macho kuliko namba 148, ingawa zote zinafungana. Kimo chake kiwe kile ulichokipima, na mabehewa yako yote yafuate. Uzito uongezwe kwa risasi za nyavu, ambazo Kigoma wavuvi wa Kibirizi wanazo. Zipange juu ya bogi zote mbili kwa usawa, nawa mikono baada ya kuzishika, na usizipigie msasa.

Bomba za kushikia na taa

Bomba la mm 33 kwenye 1:87 ni mm 0.38. Chukua waya wa shaba wa nyuzi, chagua uzi wenye unene wa karibu mm 0.4. Uzi huo umejaa mikunjo, na kuunyoosha kwa vidole ni kupoteza muda. Bana ncha moja kwenye jiliwa, nyingine kwenye koleo, uvute taratibu mpaka uhisi umelegea ghafla kama mpira. Hapo umenyooka kabisa na umekuwa mgumu kidogo. Kata vipande vya sentimita 15 kabla haujapinda tena. Sindano mpya za duka la dawa nazo ni bomba zuri: ya G21 ina mm 0.8 nje na inafaa kwa honi, ya G27 ina mm 0.4.

Taa nyeupe ya LED inakula karibu volti 3. Kwa volti 12, zinabaki 9. Ukitaka miliampea 10 unahitaji rezista ya omu 900, basi weka ya kilo-omu 1. Paka ndani ya boneti nyeusi kabla ya kufunga taa, la sivyo bodi nzima itawaka kama karabai.

Rangi, namba na vumbi

Osha bodi kwa sabuni ya unga, ikauke, usiishike tena kwa vidole vitupu. Rangi ya kopo ya magari inafaa kama utapuliza ukungu mwembamba kutoka sentimita 25, mara nne au tano, ukipumzisha robo saa kila mara. Ukiimwaga nene, thina yake itakula plastiki na uso utapasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Kigoma wakati wa mvua usipulize asubuhi yenye unyevu. Rangi hugeuka na utando mweupe.

Rangi isiyokolea kwanza, iliyokolea baadaye. Ukishabandika selotepu ya karatasi kwa ajili ya mstari, pulizia kingo zake rangi ileile ya chini kwanza. Hiyo ndiyo itakayopenya chini ya selotepu, na haitaonekana. Rangi ya pili ikifuata, mstari unatoka kama umekatwa kwa wembe. Ivue selotepu rangi ikiwa bado laini, uikunje nyuma juu yake yenyewe.

Namba na nembo zichapwe kwenye karatasi ya dekali ya maji (kibandiko kinacholoweshwa kisha kuhamishiwa kwenye bodi), kwa printa ya leza. Ya wino lazima ipuliziwe vanishi kabla ya kuloweshwa, vinginevyo herufi zitaogelea. Printa za stesheneri hazichapi rangi nyeupe. Kama herufi ni nyeupe, tumia karatasi nyeupe na uchape rangi ya bodi kuizunguka herufi, halafu ukate karibu kabisa. Ijaribu rangi hiyo mara tatu nne kwenye karatasi ya kawaida, chini ya jua, bodi ikiwa pembeni. Dekali ikae juu ya vanishi ya kung'aa. Juu ya rangi isiyong'aa hewa hunasa chini yake na kingo zinameta kama magamba ya dagaa.

Vumbi lije mwisho, na mitambo iwe imetolewa. Udongo halisi wa Tabora una rangi sahihi lakini ni mchanga kwa kipimo hiki. Utwange, uchekeche kwa soksi ya nailoni, tena na tena, mpaka ubaki unga usiosikika kati ya vidole. Changanya na spiriti, paka bogi na sehemu ya chini ya ubavu, kisha futa kwa brashi kavu kuelekea chini, njia ambayo mvua ingepita. Kuzunguka ekzosi tumia unga wa mkaa; masizi ya kibatari yana mafuta na vanishi haishiki juu yake. Kwenye kioo cha dereva, kabla ya kupaka vumbi, bandika kipande cha selotepu kilichokatwa umbo la feni. Ukikitoa, itabaki ile sehemu safi ambayo waipa imepita.